Mtu wa Pemba na baridi ya Kilimanjaro

Mchuma Karafuu (Wete):
Asalaam alaykum. Januari, In shaa Allah, nakwenda Kilimanjaro na wenzangu wawili, njia ya Marangu. Mikarafuu napanda tangu niko skuli, kwa hiyo miguu sina wasiwasi nayo. Mashaka yangu baridi. Ninayoijua mimi ni ya kipupwe tu, alfajiri unajifunika kikoi basi. Nishakusanya fulana nne za pamba, jinzi mbili na sweta la marehemu babu. Yatosha? Na mazoezi nifanyie wapi kisiwa hiki? Tumepewa bei ya siku tano, ya sita ina pesa yake.

Mzee wa Vikokotoni:
Wa alaykum salaam. Jinzi ziache Wete, zikirowa hazikauki. Pamba nayo hunywa jasho, ukisimama kidogo upepo unakukata. Mimi nilikwenda na pamba yangu, nikatetemeka kambi ya Horombo mpaka mpagazi akanivulia fulana yake. Pita mitumba ya Darajani utafute zile za michezo, uvae mbili, juu sweta la flisi, kisha koti lisilopitisha maji. Koti zito na mfuko wa kulalia mtakodi Moshi.

Lakini umeuliza baridi, mimi nakuuliza siku. Horombo ni mita 3,720, kambi ya mwisho ya Kibo 4,720, kilele 5,895, na kule juu hewa unayoipata ni kama nusu ya hii ya Wete. Mkarafuu haukufundishi hilo. Tulikuwa na kijana mcheza mpira, siku mbili anatutangulia na kutucheka. Kibo alitapika mpaka akateremshwa usiku. Mimi na kitambi changu nikafika! Lipeni siku ya sita, mlale Horombo mara mbili: mchana mnapanda juu kidogo, usiku mnarudi kulala pale pale.

Kibo mtaondoka kwenye saa sita usiku. Changarawe tupu, hatua moja mbele, nusu unarudi. Chupa ibebe kichwa chini, maji huanza kuganda juu. Simu iweke kifuani, betri haipendi baridi.

Mazoezi: jitwishe mzigo mgongoni, shika barabara ya zamani ya Chake, saa tano mfululizo. Na kucha za miguu kata, kuteremka ndiko kunakozing'oa.

Bi Makunduchi:
Daktari alinipa Diamox, dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko. Muulizeni wenu kabla ya safari. Inakojoza hiyo! Kutoka nje saa nane usiku Horombo ni jihadi peke yake. Udhu sikuuweza, nilitayamamu.

Mchuma Karafuu:
Siku ya sita tumelipa. Jinzi kachukua mdogo wangu. Sweta la babu lebo imefutika, nitajuaje kama ni sufu?

Mzee wa Vikokotoni:
Chomoa uzi uuchome. Ukinuka nywele, sufu hiyo, nenda nalo. Ukiyeyuka kama mfuko wa plastiki, liache sandukuni.