Tupeane uzoefu: Vitabu vizuri kuhusu John Adams mlivipataje?

Ndugu wanajukwaa, naomba tupeane uzoefu wa kutafuta vitabu vizuri juu ya John Adams, mwanasheria wa Massachusetts aliyekuwa rais wa pili wa Marekani kuanzia 1797 hadi 1801. Mimi nilianza na wasifu ulioandikwa na David McCullough, uliotoka mwaka 2001 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ni kitabu kinene lakini kinasomeka vizuri, na kilichonigusa zaidi ni kesi ya mwaka 1770, pale Adams alipokubali kuwatetea askari wa Uingereza waliowafyatulia risasi wakazi wa Boston na kuua watu watano, ilhali yeye mwenyewe alikuwa upande wa wananchi. Kapteni aliachiwa huru. Kati ya askari wanane, sita waliachiwa na wawili wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Hata hivyo, nilipomaliza niliona kwamba mwandishi anampenda mno mtu wake, nami nikatamani kusikia upande wa pili. Wenzangu mlipitia njia gani?

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, mimi nilianza na barua zenyewe, na hadi leo naamini ndiyo njia bora. Barua zaidi ya 1,100 za Adams na mkewe Abigail zimehifadhiwa na Jumuiya ya Historia ya Massachusetts, na zinasomeka bure mtandaoni. Tarehe 31 Machi 1776 Abigail alimsihi mumewe kwamba sheria mpya zitakapotungwa wanawake wasisahauliwe. Adams akajibu kwamba ombi hilo limemchekesha. Ukishayasoma majibu hayo kwa maneno yake mwenyewe, hakuna mwandishi wa wasifu atakayekupambia tena picha ya mtu huyu, kwa sababu utakuwa umeuona ukomo wake na pia mapenzi yake makubwa kwa mkewe.

Mchangiaji wa pili:
Naungana na aliyetangulia, ila kwa upande wa pili anaoutafuta mleta mada ningependekeza barua za Adams na Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, zilizohaririwa na Lester Cappon mwaka 1959. Mahasimu hao wa siasa walinyamaziana miaka mingi, hadi Adams alipoandika tena Januari 1812 akisema anamtumia Jefferson vipande viwili vya kitambaa kilichofumwa nyumbani. Kumbe alimaanisha vitabu vya mwanawe, John Quincy. Jefferson, barua ikiwa imetangulia kufika kabla ya vitabu hivyo, akajibu kwa maelezo marefu na ya dhati kuhusu ufumaji wa nguo huko Virginia. Baada ya hapo nilisoma kitabu cha Gordon Wood cha mwaka 2017 kinachowalinganisha wawili hao, nacho nakiona kina mizani kuliko wasifu wa mtu mmoja. Asiye na uwezo wa kununua aingie Founders Online, tovuti ya bure ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani.

Kama kuna aliyesoma kitabu kizuri kinachohusu hasa sheria za mwaka 1798, ambazo Adams alizitia saini na ambazo ziliwafikisha wahariri wa magazeti gerezani kwa kuikosoa serikali, tafadhali atutajie.