Mafundi umeme, kazeni skrubu! "Si ilikuwa inawaka?" siyo jibu

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Siku nne nyumba yangu imenuka samaki. Tumesogeza friji, tumevuta kabati, paka amelaumiwa bure. Siku ya tano mke wangu akagusa swichi ya hita ya maji, akarudisha mkono mbio: kifuniko kinachoma. Nikazima mein swichi, nikahakikisha kwa testa hakuna umeme, nikafungua. Upande wa laivu, yaani waya unaoleta umeme, plastiki imekuwa nyeusi, ganda la waya limekauka, ukiligusa linapukutika. Nikashika ule waya kwa vidole viwili nikavuta kidogo tu. Ukatoka. Skrubu imekaa pale pale, nzuri, imenyooka. Haijawahi kukazwa, ilipapaswa tu.

(Kwa mliokuwa hamjui kama mimi: plastiki za swichi na soketi zikipata moto sana, nyingine hutoa harufu ya samaki. Ukiisikia na hakuna aliyepika samaki, achana na panya, anza kugusa vifuniko vya soketi.)

Nikampigia fundi aliyenifungia umeme. Akanijibu bila hata aibu: "Lakini bosi, si ilikuwa inawaka?"

Inawaka! Waya ukigusa shaba kwa ncha moja tu, taa itawaka. Kuwaka kunathibitisha kwamba umeme umepita. Hakusemi chochote kuhusu umepitaje. Nikamwambia imeungua, akaja na la pili: "Ingekuwa na shida breka ingekata." Hapo ndipo damu ilipopanda, maana huyu ni mtu anayeingia kwenye nyumba za watu na mkoba wa vifaa.

Breka, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, haioni skrubu iliyolegea. Hita yangu ni ya wati 3000, kwa volti 230 inavuta ampea 13. Breka yake ni ya 20. Sasa pale waya ulipolegea pana ukinzani, yaani umeme unapita kwa shida, tuseme nusu omu. Zidisha 13 kwa 13 kwa 0.5: karibu wati 85 za joto, zote zimejikusanya kwenye kipande kidogo kuliko ukucha. Kile chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi huwa na wati 40 hivi, na kazi yake ni kuyeyusha! Wakati huo breka inaona ampea zile zile 13, tena zimepungua kidogo, imetulia. Na ile swichi ya kukata umeme unapovuja kwenda ethi (ardhini) nayo haina habari, kwa sababu hakuna kinachovuja. Kwa hiyo moto unaweza kuanza na kila kinga kwenye bodi iko kimya.

Nikaita fundi mwingine, mzee mmoja mpole, tufungue nyumba nzima. Tukaanzia kwenye bodi. Breka ya tatu alivuta waya, ukaja. Nikamuuliza, huu nao haukukazwa? Akasema hapana, umekazwa sana, njoo uone. Ndani ya tundu la breka kuna kibano kinachopanda ukizungusha skrubu. Waya ulikuwa umepita nyuma ya kibano. Skrubu ilikazwa mpaka mwisho, bisibisi haikuendelea, na waya haukubanwa na kitu. Angeuvuta mara moja tu kabla hajafunga kifuniko angeligundua hilo. Kuvuta waya ni sekunde mbili, jamani!

Tukaendelea. Soketi moja skrubu imebana ganda la waya badala ya shaba. Nyingine waya wa nyuzinyuzi, nusu ya nyuzi zimekatwa ili uingie kwenye tundu. Mwisho jumla ni waya saba zilizotoka mkononi. Saba!

Na kabla hamjanijazia hapa "basi kaza mpaka mkono uchoke": hapana. Yule wa kukaza kwa hasira naye ni tatizo. Anachuna meno ya skrubu, anaponda waya mwembamba, anapasua plastiki. Watengenezaji wanatoa kipimo cha mkazo, kiko kwenye karatasi ya kifaa au ubavuni mwake. Breka nyingi za nyumbani huwa kwenye nyutonimita 2 au zaidi kidogo, soketi hutaka pungufu ya hapo. Na bisibisi za kupimia mkazo zipo, ukifikia kiwango inalia "tak". Yule mzee anayo. Wangu wa kwanza alikuwa na bisibisi moja iliyolika ncha, ndiyo hiyo hiyo aliyofungulia kopo la rangi.

Kuna rafiki yangu kanishauri eti ule waya uliokuwa mweusi niukaze tu yaishe. Shaba iliyoungua ina kutu ya moto juu yake, ukiibana hivyo hivyo joto linarudi. Mzee aliukata mpaka akafika kwenye shaba inayong'aa, akachuna upya, swichi ikatupwa.

Kilichonitisha zaidi ni nyutro (waya wa kurudisha umeme) ya kwenye mein swichi, nayo ilikuwa inacheza. Mimi natumia fezi moja, yaani laivu moja tu inaingia nyumbani, kwa hiyo ningeona taa zikifinyafinya. Ingekuwa nyumba ya fezi tatu (laivu tatu), nyutro hiyo ikiachia kabisa, vifaa vya fezi yenye mzigo mdogo vinaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Televisheni, friji, chaja, vyote kwaheri.

Nimemtumia picha ya swichi iliyoungua. Ameiona, alama mbili za bluu, hajajibu. Kwa hiyo nawauliza nyinyi mafundi mliomo humu, na mnijibu kwa ukweli: mkishafunga skrubu, mnavuta waya au hamvuti?