Naomba ushauri: maandiko ya kumfariji mama akiwa leba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri kwa mnaohudumia wajawazito kanisani, hasa wakunga. Tunaandaa kadi ndogo ya kuweka kwenye begi la kujifungulia, pamoja na kanga na pamba. Uchungu ukikolea, kila mkazo huchukua kama sekunde 40 hadi 60; hapo Zaburi nzima haisomeki. Tumechagua maneno yanayoenda na pumzi: akivuta, "Bwana", akitoa taratibu, "u pamoja nami". Mnatumia mengine?

Isaya 41:10 ("usiogope, kwa maana mimi ni pamoja nawe") imo. Mwanzo 3:16, Mungu anapomwambia Hawa kuwa atazaa kwa uchungu, tumeiacha makusudi, maana mama mwenye maumivu huisikia kama hukumu. 1 Timotheo 2:15, inayosema mwanamke ataokolewa kwa uzazi wake akidumu katika imani, nayo huwafanya wengine waone upasuaji ni upungufu wa imani, wakachelewa, na kuchelewa kunaua. Nyuma ya kadi tumeandika dalili za kukimbilia hospitali: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, kifafa, mtoto kupunguza kucheza. Maombi yaendelee njiani.

Ninapokwama ni kwa mama aliyewahi kupoteza mtoto. Zaburi 139, inayosema Mungu ndiye humuumba mtoto tumboni mwa mama yake, humtonesha kidonda. Mngempa andiko gani?