Wateja wananiitikia "ndiyo" halafu hakuna kinachofanyika. Wazoefu wa ustawi wa jamii, naomba ushauri

BintiWaPasua:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Nipo Moshi, nimemaliza diploma ya ustawi wa jamii, sasa najitolea kwenye kashirika kadogo kanakohudumia familia za Pasua, Njoro na Majengo. Kusikiliza, usiri, kutohukumu, hayo yote naweza kukutajia hata usingizini. Mtaani ni habari nyingine.

Kuna bibi analea wajukuu wawili wa marehemu binti yake. Tunahitaji vyeti vya kuzaliwa ili tuwaombee watoto ufadhili wa shule. Kila nikienda: "Ndiyo mwanangu, nitafuatilia." Chai napewa, cheti sioni. Kuna baba mmoja, fundi ujenzi mzuri tu, ila pombe imemshika; nikimweleza madhara ananiuliza, "Binti, una watoto wangapi wewe?" Na kuna dada mmoja hapatikani kwenye simu tangu tulipomtembelea na wenzangu.

Hawa watu nawaelewaje? Ni ujuzi gani ambao chuo hawakunipa?

MtoriMoto:
Wengine wamezoea misaada, dada. Mwambie bila cheti hakuna ufadhili, kesho yake utakiona.

MzeeWaShanti:
Marahaba binti. Kazi hii nimeifanya hadi nikastaafu, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite.

MtoriMoto usimpotoshe mtoto wa watu. Bibi wa huku kwetu hawezi kumkatalia mgeni aliyemkaribisha chai. Ile "ndiyo" ni ya adabu, usiiingize kwenye ripoti kama makubaliano.

Jiulize cheti chenyewe kinamtaka afanye nini. Aende wilayani, ajaze fomu, aulizwe baba wa mtoto ni nani. Huenda hamjui. Huenda anamjua na ndiyo sababu hataki kwenda. Huenda hajui kusoma na hapendi ujue. Ukimuuliza "bibi, mbona hujafuatilia?" hutaambiwa hata moja, maana swali lenyewe limeshamlaumu.

Siku nyingine acha daftari kwenye mkoba. Ukimkuta anamenya ndizi, omba kisu umenye naye. Mwambie, "Bibi, hebu nisimulie jana yako tangu ulipoamka." Halafu nyamaza. Hapa vijana wengi wanashindwa, mtu akikaa kimya kidogo tu wameshamtupia swali jingine. Atakwenda polepole: maji, goti, mdogo kakojoa kitandani, nauli. Mrudishie ulichosikia: "Kwa hiyo kinachokukwamisha zaidi ni kutembea na nauli?" Akikataa, hujapoteza kitu, atakueleza kilichopo.

Na usimwambie aende RITA, ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, peke yake. Pangeni siku mwende wote, abebe kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, chochote alichonacho. Kukaa na mtu kwenye benchi la ofisi hadi aitwe ni sehemu ya kazi, ingawa haina mtihani.

Kisusio:
Huyo fundi ni wa fani yangu, nafanya kazi na waraibu hapa Arusha. Madhara ya pombe anayajua kukuzidi, anaamka nayo. Kuna Mmarekani, William Miller, mwaka 1983 aliandika kuhusu namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe. Ukimsukuma mtu aache, kazi yake inakuwa kuitetea chupa. Wewe muulize, "Baba, pombe inakusaidia nini?" Atashangaa. Mwache aeleze, kisha: "Na inakugharimu nini?" Akisema mwenyewe kwamba kuna tajiri alimnyang'anya kazi ikiwa kwenye linta, neno hilo lina uzito kuliko mahubiri yako ya mwezi mzima.

Hilo la watoto wangapi mjibu bila kununa: "Sina, baba. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Ila angalia: kama asubuhi anatetemeka na kutoka jasho kabla hajanywa, usimshauri aache ghafla. Apelekwe hospitali kwanza. Kuacha ghafla kwa mtu wa hali hiyo kunaweza kumuua.

Mama Wawili:
Mimi nilikuwa upande wa pili, nilihudumiwa. Walikuja watatu na gari lenye nembo, wakaniuliza habari za dawa zangu mlangoni, mama mwenye nyumba anaanika nguo pale pale. Nilijibu vizuri, nikawashukuru, jioni nikabadilisha laini. Dada, huyo wako hapatikani kwa sababu mlienda kundi. Ukimpata, muulize yeye mkutane wapi.

MangiMtoto:
Lakini taratibu zinataka upite kwa mwenyekiti wa mtaa. Usipopita, siku ukipata shida nani atakutetea?

Mama Wawili:
Apite ajitambulishe yeye na shirika lake. Majina ya watu anaowahudumia asimtajie mwenyekiti.

MzeeWaShanti:
Mama Wawili kamaliza. Niongeze moja tu: usiri una mpaka. Mtoto akikwambia "nikuambie kitu ila usimwambie mtu", usiahidi. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia. Akikueleza anapigwa au anaingiliwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa: afisa ustawi, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na simu 116 ni bure. Hata kama anayetuhumiwa ndiye analisha nyumba. Hasa akiwa ndiye.

BintiWaPasua:
Asanteni sana, nimechukua. Swali la mwisho: wakiniomba hela ya unga je? Posho yenyewe mnaijua.

Kisusio:
Usitoe ya mfukoni. Ukitoa leo, keshokutwa jirani anauliza kwa nini yeye hakupewa, na bibi ataanza kukuficha mambo ili asikukosee. Muulize mtendaji wa kata kuhusu TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, ulizia na parokiani, misikitini, vikoba. Kuwa na orodha ya milango ya kubisha, yenye jina la mtu wa kuonana naye na siku anayopatikana.

MtoriMoto:
Na usipotoa usiseme "tutaangalia". Sema huna.

MzeeWaShanti:
Leo MtoriMoto umenena.