Mrejesho: mchango wetu wa kasa wa Muanda

Wapendwa, mwezi wa tisa niliwauliza sisi wa Goma tuchangie vipi kulinda mayai ya kasa kule Muanda, kwenye pwani fupi ya Kongo yetu. Mlisema tulipe watu, si mabango. Tumefuata. Shemeji yangu anayeishi kule amewapa dola 60 za kwanza wavuvi wawili wanaozunguka ufukweni usiku kulinda viota. Mayai hukaa mchangani karibu miezi 2, kwa hiyo malipo ya wiki moja hayatoshi kabisa. Tumeahidi msimu mzima. Watoto wakitoka, tochi zinazimwa, maana mwanga huwapoteza njia ya bahari. Juzi usiku shemeji kanipigia: kiota cha kwanza kimefunguka! Nililia, kweli. Mzee uliyeuliza risiti, ninazo zote.