Fundi kaziba mpira wa vakyumu kwa bolti, sasa anataka dola 1,800 ashushe dashibodi

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe uzi ni mrefu.

Niko Minnesota, Marekani. Mnaoishi huku mnaijua Januari yake: nyuzi 20 chini ya sifuri ni asubuhi ya kawaida. Gari bila hita ya kueleweka huku halifai hata kwenda dukani.

Gari lenyewe ni Mercedes 300D ya 1983, bodi ya W123, dizeli ya turbo silinda 5. Najua kuna watu watakuja kuniambia niuze niokoe pesa. Waniache. Injini ile haina ugonjwa wowote. Mgonjwa ni fundi.

Kiangazi kilichopita lilianza kugoma kuzima. Unageuza funguo, unaichomoa kabisa, injini inaendelea kuunguruma kama haijakuona. Ikabidi kila nikifika ninapokwenda nifungue boneti na kubonyeza kile kiwiko kilichoandikwa STOP, watu wa maegesho wakinitazama. Kwa wasioijua dizeli hii: haizimwi kwa umeme. Ukizungusha funguo, unafungua njia ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa, na ule mvuto ndio unaokwenda kwenye pampu ya dizeli kukata mafuta. Injini ya petroli hujitengenezea mvuto kwenye manifodi kwa sababu ina kile kibao kinachobana hewa. Dizeli hii inavuta hewa bila kubanwa, kwa hiyo Wajerumani waliiwekea pampu ya vakyumu mbele ya injini. Pampu hiyo moja inahudumia busta ya breki, kufuli za milango yote, gia ya otomatiki, kuzima injini, na vile vimlango vinavyoamua hewa ya hita iende miguuni, usoni au kwenye kioo. Mpira ukipasuka popote, huduma nyingine zinaanza kulegea. Ndiyo maana mlango wa nyuma unaweza kuvujisha, halafu injini ndiyo ikakataa kuzima. Mtu yeyote anayejiita fundi wa Mercedes za miaka hiyo anatakiwa ayajue haya usingizini.

Nikampelekea fundi mmoja, jina silitaji. Ni mtu wa kwetu kabisa, Kiswahili cha Kariakoo, salamu nyingi, chai, habari za nyumbani. Nilimpa kazi kwa sababu hiyo hiyo, nikasema hela izunguke kwetu. Akanitoza dola 240, risiti inasema amerekebisha uvujaji wa vakyumu. Na kweli, gari likawa linazima vizuri. Nikamsifia hadi kwa watu.

Baridi ikaja. Nabonyeza kitufe cha miguuni, hakuna kitu. Nabonyeza cha katikati, hakuna kitu. Hewa yote inapanda kwenye kioo cha mbele, chini miguu inakufa ganzi. Nikarudi kwake. Akaweka mkono, akasikiliza, hakufungua hata boneti. Jibu:

"Kaka, rejeta ya hita imeziba. Hapo dashibodi yote lazima ishuke."

Rejeta ni ile inayopitisha maji ya moto ya injini ili hewa ipate joto. Dola 1,800.

Nikamwuliza, rejeta imeziba vipi na hewa inayotoka kwenye kioo inaniunguza vidole? Rejeta ikiziba hewa inakuwa baridi kila mahali, haichagui pa kwenda. Akasema, "Magari ya zamani hayo, kaka, yana mambo yake." Nilitoka pale bila kuaga.

Nikaazima pampu ya vakyumu ya mkono, ile yenye geji, nikafungua boneti mwenyewe. Sikuchukua muda. Mrija wa vakyumu unaoingia ndani kwenda kwenye hita umechomolewa kwenye kiungo chake, mpira umekatwa, na ndani ya mpira kuna BOLTI. Bolti, wakuu, imekazwa na klempu! Hiyo ndiyo kazi ya dola 240. Alikuta upande wa hita unavuja, akauziba wote, mvuto ukabaki wa kutosha kuzima injini, akanikabidhi gari. Hita yangu ameiua Julai, mwezi ambao hakuna anayewasha hita, na hakuniambia.

Nisieleweke vibaya. Kuziba mrija ni njia halali ya kutafuta panapovuja. Wapenzi wa magari haya hutembea na vile vijiti vya kuwekea mpira wa gofu, wanachomeka tawi moja baada ya jingine wakiangalia geji, kwa sababu vinaingia kwenye mrija kwa kipimo chake. Ukishajua tawi lenye shida, unatoa kizibo, unatengeneza. Yeye aliishia kwenye kizibo akaandika risiti.

Nilitoa droo ya upande wa abiria. Nyuma yake kuna valvu ndogo zinazogawa vakyumu, na mirija myembamba ya plastiki inakwenda kwa kila kimlango. Pampu ya vakyumu ya injini ilikuwa nzima, mvuto wa zaidi ya inchi 20 za zebaki kwenye geji injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Nikapima mrija mmoja mmoja. Mingine sindano inasimama pale pale. Wa miguuni inaanguka hadi sifuri: daiframu, ule utando wa mpira unaovutwa na vakyumu kusogeza kimlango, imechanika. Na viungio viwili vya mpira nyuma ya valvu vimekauka, nilipovishika vikamong'onyoka mkononi. Ile mirija ya plastiki ni nadra kuharibika. Vinavyokufa ni viungio vya mpira, na bei yake ni dola chache tu.

Kingine kilichonichefua: kiungio kimoja alikuwa amekibadilisha, kaweka mpira laini kama wa tangi la samaki. Mpira wa hivyo ukivutwa unajibana wenyewe, ukipata joto la injini ndiyo kabisa. Hata angeondoa bolti, hewa isingepita vizuri.

Nimemtumia picha. Kajibu kwamba bolti ilikuwa "ya muda" na kwamba nilipaswa kurudi. Kurudi kufanya nini, wakati risiti inasema kazi imekwisha? Nataka dola 240 zangu. Asipolipa, mahakama ya madai madogo iko mjini na risiti ninayo, picha ninazo. Na kabla hamjaanza ile ya "usimchafue ndugu yetu", ndugu ndiye alitaka kunishushia dashibodi ili afiche bolti yake. Huku mwombeni fundi yeyote makadirio kwa maandishi kabla hajagusa gari, awe wa kwetu au asiwe.

Viungio nimeshabadilisha, hewa ya katikati imerudi. Imebaki daiframu ya miguuni. Waliokwisha kuibadilisha kwenye W123 yenye vitufe, nauliza: mliifikia kwa kutoa konsoli ya kati na paneli za chini tu, au kweli hakuna njia bila kushusha dashibodi? Na mnaagiza wapi kifaa kipya, maana vya kwenye magari ya kukatwa naona vimezeeka kama changu.