Mkono wa birika: mtoto kakosa au kakosewa?

Mama Wawili: Wadau, binti yangu wa darasa la tano kaulizwa maana ya "mkono wa birika". Kaandika: "Mkarimu, kwa sababu birika linammiminia chai hata mgeni." Kapewa sifuri. Najua jibu ni mchoyo, hapo sibishi. Ila tunapima akili ya mtoto au kukariri? Hata nusu alama jamani?

Mwalimu wa Zamu: Dada, nahau haikisiwi. Akija mwingine akaandika "kuvunja ungo" ni kuharibu chombo cha kupepetea mchele, naye tumpe nusu? Wazazi wa mjini mnawaachia katuni ziwalelee watoto, kisha lawama kwetu.

Mama Wawili: Katuni zimeingiaje hapa? Kwangu runinga inazimwa saa moja jioni!

Kiroboto: Hata taarifa ya habari hamuoni? Dada, mkono wa birika mpaka kwenye luku 😂

Babu Chumvi: Mjukuu wangu alisikia wanasema nimekula chumvi nyingi, akanifichia kopo la chumvi. Eti presha. Na kweli ninayo.

Mpwani: Mnabishania mkono na birika lenyewe hamlijui. Kwetu chai humiminwa kwa buli. Birika ni la kuchemshia maji, na jingine lile la msikitini la kutawadhia. Lugha mmeazima, itunzeni basi.

Kiroboto: Haya, wenye lugha yao wamefika.

Mwalimu wa Zamu: Mpwani, wewe si wa Mombasa? Kilichosanifishwa ni Kiunguja, kwa hiyo nawe umeazima kama sisi.

Mpwani: Na kikao cha kukichagua hicho Kiunguja kilikaa wapi, 1928? Hapahapa Mombasa. Mlikula biriani yetu mkaondoka na lugha ya jirani.

Mwalimu wa Zamu: Mimi 1928 hata babu yangu hajaoa. Biriani gani nilikula?

Fundi Bati: Samahanini wakubwa. Haya mabirika nayatengeneza mwenyewe. Mkono naukunja, ncha zote mbili zinarudi kwenye tumbo la birika. Haunyooki kwenda kwa mtu hata siku moja. Mimi nauona uchoyo hapo. Kinachomimina ni mdomo. Mtoto kaulizwa mkono, yeye kaangalia mdomo.

Mpwani: Birika la bati! Kweli bara kuna mambo. Birika ni shaba, kaka.

Fundi Bati: Shaba ninunulie wewe, nitakukunjia.

Kiroboto: 😂😂 Mpwani kapigwa na mkono wa birika.

Mama Wawili: Fundi, ubarikiwe. Daftari lake zima halina maelezo hayo, kaandikiwa neno moja tu, "mchoyo". Kumbe mtoto picha aliiona, kakosea upande. Mwalimu, nusu alama hiyo vipi?

Mwalimu wa Zamu: Subiri dada, nimalizane na huyu wa biriani.